Binti wa Kiwandani Aliyekwenda Molokai

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya akina mama wanaoongea Kiswahili hapa Syracuse, jimbo la New York, katika juma la sikukuu ya Mtakatifu Marianne Cope, mtawa aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Molokai, Hawaii, mwezi wa kwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko na watoto waliokuwa wakilia nimeviacha ukumbini.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista, wazee wetu, mama zangu na dada zangu, shikamooni. Nawashukuru kwa kuja na theluji yote hii. Nilipopewa nafasi hii niliambiwa nizungumze juu ya mwanamke wa imani. Nikafikiria wale wa kwenye Biblia, Ruthu, Hana, Yudithi, halafu nikajiambia: hapana, leo nitamleta jirani. Mwanamke aliyetembea kwenye barabara hizi hizi tunazoteleza sisi.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1838 katika mji wa Heppenheim, nchi ya Hesse, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Jina lake Barbara Koob. Baba yake, Peter Koob, alikuwa mkulima. Mwaka uliofuata, mtoto akiwa bado mgongoni, wazazi walifunga mizigo wakavuka Bahari ya Atlantiki wakaja hadi Utica. Utica ninayoisema ni hiyo hiyo mnayokwenda kwenye misiba na harusi, mwendo wa saa moja kwa gari. Leo Utica ina Wabosnia, Wakareni, Wasomali Wabantu, ina watu wetu wa Kongo. Wakati ule wageni walikuwa Wajerumani, na wenye mji waliwaangalia kama wanavyotuangalia sisi leo kwenye foleni ya duka.

Hata jina halikubaki. Koob ikawa Cope, kwa sababu ndivyo masikio ya wenye Kiingereza yalivyosikia. Mnacheka? Humu ndani tuko wangapi ambao kwenye karatasi za ukimbizi tumeandikiwa kuwa tumezaliwa tarehe 1 Januari? (Mikono mingi.) Basi msimcheke Peter Koob.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo nataka tukae. Barbara alisoma shule ya parokia mpaka darasa la nane. Tangu utotoni alitaka kuwa mtawa. Baba akaugua, akawa hajiwezi tena kufanya kazi, na Barbara ndiye aliyekuwa mkubwa kati ya watoto waliobaki nyumbani. Akaacha shule, akaenda kiwanda cha nguo. Utica ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Alikaa kiwandani miaka kama tisa. Baba alifariki 1862, wadogo zake walikuwa wameshaanza kujitegemea, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 24, akaja hapa Syracuse kujiunga na Masista Wafransisko.

Wanaosimulia habari zake huruka hiyo miaka tisa kwa sentensi moja. Wanataka kufika haraka Hawaii, kwenye wagonjwa na mfalme na meli. Mimi siwezi kuiruka. Nilipofika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukunja mashuka ya hoteli. Zamu ya usiku. Shuka inatoka kwenye mashine ina moto, unakunja, inakuja nyingine. Nilikuwa nimesali miaka kumi na minne kambini nipate kusoma uuguzi, na Mungu akanijibu kwa mashuka. Nilikasirika naye, nasema wazi mbele ya Baba Paroko. Rozari nilikuwa nayo mfukoni lakini sikuisali, niliishika tu.

Barbara naye alikuwa na wito moyoni na kelele za mashine masikioni. Kila Ijumaa au Jumamosi alipopokea mshahara, fedha ilikwenda kwenye dawa za baba na chakula cha wadogo. Hakuandika kitabu cha sala zake za miaka ile. Tunalojua ni kwamba alienda kazini, na kwamba alipopata uhuru wa kuchagua, hakuchelewa. Hakusema sasa nimezeeka, sasa nipumzike, sasa niolewe. Alichokuwa anakitaka akiwa na miaka kumi na mitano ndicho alichokifuata akiwa na ishirini na minne. Kwangu hiyo ndiyo imani yake kubwa kuliko zote, na haikuonekana na mtu.

Utawani alipewa jina la Marianne. Alivaa nguo za utawa katika kanisa la Assumption, lile la minara miwili pale North Salina, ambalo wengi wenu mnalijua kwa chakula cha bure kuliko kwa Misa. (Kicheko.) Si vibaya. Alifundisha watoto wa wahamiaji waliozungumza Kijerumani, akawa mwalimu mkuu. Halafu shirika lake likaanza hospitali. Ya kwanza Utica, 1866, St. Elizabeth. Ya pili hapa, 1869, St. Joseph's. Ndiyo, hiyo hiyo mliyolazwa. Mnajua ilianzia wapi? Ilianzia kwenye jengo lililokuwa baa na ukumbi wa dansi huko juu kilimani. Vitanda kumi na vitano. Masista walifagia chupa kwanza.

Kuanzia 1870 Marianne akawa msimamizi wa hospitali hiyo. Mlango ulikuwa wazi kwa kila taifa, kila dini na kila rangi, na hayo yaliandikwa kwenye katiba ya hospitali miaka michache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya utumwa kwisha nchi hii. Walevi, ambao hospitali nyingine ziliwafukuza zikisema ni watu wa tabia mbaya, yeye aliwapokea kama wagonjwa. Alisemwa sana kwa hilo. Chuo cha udaktari kilipohamia Syracuse, aliwaruhusu wanafunzi waje kujifunza kwa wagonjwa wake, lakini akaweka sharti: mgonjwa akikataa kuangaliwa na wanafunzi, asilazimishwe. Mwaka wa 1870 na kitu! Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na ninawaambia, mpaka leo kuna sehemu bibi anafunuliwa nguo mbele ya watu watano na hakuna aliyemwambia hata habari za asubuhi.

Kwa hiyo mkiona picha yake, na shela nyeusi na uso mpole, msidanganyike. Alikuwa meneja. Alijua hesabu, alijua kuajiri, alijua kusema hapana. Mwaka 1877 masista wenzake walimchagua kuwa Mama Mkuu wa shirika zima, na 1881 wakamrudisha tena.

Mwaka 1883 ikaja barua. Padre mmoja, Leonor Fouesnel, alikuwa ametumwa na Mfalme Kalakaua wa Hawaii kutafuta masista wa kuwahudumia wagonjwa wa ukoma. Alikuwa ameandikia mashirika zaidi ya hamsini, Marekani na Kanada. Yote yalikataa. Siwalaumu. Ninyi mnajua neno ukoma linavyotisha kwetu. Wazee wa pwani walisema matana, wengine jethamu, ili wasilitaje lenyewe. Na halijaisha: Kongo na Tanzania bado zina wagonjwa wapya kila mwaka.

Marianne alijibu kwamba ana njaa ya kazi hiyo. Ndivyo alivyoandika, njaa. Akasema: "Siogopi ugonjwa wowote." Na kwamba furaha yake kubwa ingekuwa kuwahudumia hao waliotupwa. Alipowauliza masista nani yuko tayari, walijitokeza thelathini na watano. Alichukua sita.

Tarehe 8 Novemba 1883 meli yao, Mariposa, iliingia Honolulu, na kengele za kanisa kuu zikapigwa. Mpango ulikuwa Mama Mkuu awafikishe wenzake, awapange, kisha arudi Syracuse kuendelea na kazi yake. Akina mama, hiyo habari tunaijua. Nakwenda miaka miwili tu, nitume hela, nijenge, nirudi. Hakurudi. Alikaa Hawaii miaka thelathini na mitano.

Nieleze kidogo huko alikokwenda. Hawaii ilikuwa nchi huru yenye mfalme wake. Wageni walileta magonjwa, na ukoma ukaenea. Mwaka 1865 ikatungwa sheria ya kuwatenga wagonjwa, na kuanzia 1866 walianza kupelekwa kwenye rasi moja ya kisiwa cha Molokai. Bahari pande tatu, na nyuma jabali la mamia ya mita linalopanda kama ukuta. Polisi wanakuja nyumbani, wanamchukua mama, au mtoto, au baba, na mara nyingi huonani naye tena. Kwa miaka zaidi ya mia moja, mpaka 1969 sheria hiyo ilipofutwa, watu kama elfu nane walipelekwa huko, wengi wao wenyeji wa Hawaii. Wenyeji waliupa ugonjwa ule jina lao: ugonjwa unaotenganisha. Hawakuuita kwa vidonda vyake, wala kwa vidole vinavyofupika. Waliuita kwa kutenganishwa. Sisi tuliopita kwenye vita na makambi, mtu akitwambia jina hilo hatuhitaji mkalimani.

Masista walianzia Kakaako, Honolulu, kituo cha kuwapokea wagonjwa kabla hawajapelekwa Molokai. Kilikuwa kimefurika na kinanuka. Wakaanza na ndoo, maji na sabuni. Sakafu, kuta, vitanda, kisha vidonda. Mwaka uliofuata serikali ikamwomba aanzishe hospitali ya kwanza katika kisiwa cha Maui, akaianzisha. Akiwa huko akasikia kuwa msimamizi wa serikali pale Kakaako anawatesa wagonjwa. Akarudi, akawaambia wakubwa: huyu aondoke, au sisi tunapanda meli kurudi Syracuse. Wakamwondoa, wakampa yeye usimamizi wote. Hapo nampenda zaidi. Wengine tumefundishwa kuwa imani ni kuvumilia kila kitu. Yeye alivumilia harufu na usaha na kazi ya usiku na mchana, lakini mgonjwa kupigwa hakukuvumilia hata wiki.

Jambo lingine lilimkera. Mtoto mzima wa afya akizaliwa na mama mgonjwa, nani amchukue? Ndugu waliogopa, shule ziliogopa. Mwaka 1885 alifungua nyumba kwa ajili ya mabinti hao, ikaitwa Kapiolani, jina la malkia aliyeunga mkono kazi hiyo. Mfalme akampa nishani mwaka huo. Nishani aliipokea, akarudi kwenye ndoo.

Mwaka 1886 Padre Damien, yule Mbelgiji aliyekuwa akiishi Molokai na wagonjwa tangu 1873, alikuja Honolulu akiwa na ukoma mwilini mwake. Watu wa kanisa na wa serikali walimkwepa. Marianne alimpokea. Nawaombeni mtie hilo akilini, kwa sababu hata kanisani kwetu kuna watu wanaorudi kutoka hospitali au jela na wanakalia benchi peke yao.

Serikali iliyoingia 1887 iliamua kufunga Kakaako na kuwasukuma wagonjwa wote Molokai. Masista wakaulizwa kama watakwenda. Novemba 1888 Marianne alikwenda na masista wawili, Leopoldina Burns na Vincentia McCormick, wakafika Kalaupapa, makazi ya wagonjwa kwenye rasi ile ya Molokai. Damien alikuwa karibu na kifo. Marianne akamwahidi kwamba wavulana wake watatunzwa. Damien alifariki Aprili 1889, na ahadi hiyo Marianne aliitimiza mpaka mabruda walipokuja 1895 kuwachukua wavulana. Yeye akabaki na nyumba ya wanawake na wasichana, iliyojengwa kwa fedha za tajiri mmoja, Charles Bishop.

Hapa nawaleta kwenye kitambaa. Binti wa kiwanda cha nguo hakusahau nguo. Wasichana wale walikuwa wanavaa matambara ya msaada. Marianne na masista wakaanza kuwashonea magauni ya kupendeza, yenye mtindo wa wakati ule, na kofia, na shali za kufunika pale ugonjwa ulipoharibu. Msichana ambaye pua imeliwa, ambaye mama yake hatamwona tena, anaulizwa: unapenda rangi gani? Kuna watu waliona ni ubadhirifu. Mtu anakufa, gauni la nini? Mimi ninaowavalisha wazee kila asubuhi najua jibu. Kuna bibi mmoja kazini kwetu hawezi kusema neno, lakini ukimletea sweta ya kijivu anafumba macho, ukimletea ile nyekundu anainua mkono mwenyewe.

Alipanda pia miti. Rasi ile ni ya upepo na mawe, naye akapanda matunda, maua, mboga. Mwandishi Robert Louis Stevenson alipita huko 1889, akacheza na wasichana, na aliporudi Honolulu akawatumia piano. Piano, kule chini ya jabali!

Dada Leopoldina alikuwa mdogo na alikuwa na hofu. Alimuuliza Mama Marianne: nikipata ukoma, utanifanyaje? Marianne akamwambia hutaupata, Mungu ndiye aliyewaita kwa kazi hii. Na hakuna sista hata mmoja aliyeupata. Watu hupenda kusema huo ni muujiza, na sitaki kumnyang'anya mtu muujiza wake. Lakini kama mtu wa hospitali lazima niseme na la pili: aliwafundisha kunawa mikono, kila mara, baada ya kila mgonjwa, wakati ambao madaktari wengi walikuwa wanapangusia mikono kwenye makoti. Na leo tunajua kwamba karibu watu 95 kati ya 100 miili yao inaweza kujikinga na vijidudu vya ukoma. Yeye hakujua hiyo namba. Alijua sabuni, na alijua aliyemwita. Sioni kwa nini tuchague kimoja.

Nisije nikaonekana napamba tu. Sheria iliyowafunga watu Kalaupapa ilikuwa ya kikatili, na masista walifanya kazi ndani ya ukuta wake. Marianne hakuuvunja. Watoto waliozaliwa pale waliendelea kuondolewa kwa mama zao. Nilipokuwa nasoma habari hizi nilijiuliza mara nyingi, je, alilia usiku? Aliiona nchi ile ikinyang'anywa pia: Malkia Liliuokalani aliangushwa 1893, na 1898 Marekani ikaichukua Hawaii yote. Serikali zilibadilika, bendera zikabadilika, vidonda vya Jumatatu vilikuwa vile vile. Alikuwa na sala za saa zake, Misa, jumuiya ya masista wachache mezani. Aliandika kwamba hafikirii malipo, kwamba anafanya kazi kwa ajili ya Mungu na anaifanya kwa furaha. Ukisoma haraka unaona ni maneno ya kitawa ya kawaida. Lakini alikuwa ameshakaa huko zaidi ya miaka kumi alipoyaandika.

Miaka ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 9 Agosti 1918, miaka themanini, kwa moyo na figo. Dawa ya kuuponya ukoma ilifika Kalaupapa katika miaka ya arobaini, yeye hakuiona. Alizikwa pale pale katikati ya watu wake.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni kabla hatujaanza: sasa kaburi lake liko wapi, hapa au huko? Swali zuri, na jibu lake ni refu. Mwaka 2005 walimfukua Kalaupapa wakaleta mifupa yake hapa Syracuse, mwaka ule ule alipotangazwa mwenye heri. Tarehe 21 Oktoba 2012 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu. Mwaka 2014 masista wakamrudisha tena Hawaii, na sasa yuko katika kanisa kuu la Honolulu, lile lile ambalo kengele zake zilimpokea. Heppenheim, Utica, Syracuse, Honolulu, Kalaupapa, Syracuse, Honolulu. Hata mifupa ilihitaji karatasi za safari.

Makumbusho yake yapo hapa hapa mjini, karibu na hospitali. Wanaotaka kwenda kuyaona Jumamosi ijayo waje wajiandikishe kwa Mama Katibu wakati wa chai, na wenye magari waseme viti vingapi. Watoto waje na buti, theluji bado iko.